Nzi aliyepigwa X

(Maneno haya niliyasema Tabora mjini, mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na sita, walimu wao na wazazi waliokuja kuwasikiliza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nilipokatizwa, nimeacha hivyohivyo.)

Wazazi wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za mchana. Na ninyi wanangu, mwangaluka!

Haya, mmeitikia kama watu wa Tabora. Hilo kopo linalopita huko mbele lilikuwa la asali. Juzi jioni nilitia ndani kipande cha embe lililoiva hadi likaanza kutoa maji, nikaliacha dirishani bila kifuniko. Jana asubuhi nikakuta wageni. Nimelifunga kitambaa chepesi mdomoni, kwa hiyo lipitisheni mkono kwa mkono, tazameni, ila asiwepo wa kufungua. Mkifungua, mhadhara wangu wote utaruka dirishani.

Kabla sijaendelea, kuna jambo niliweke wazi, maana nawaona wakulima wameanza kukunja uso. Nzi huyu si yule anayewaharibia maembe. Yule ni mkubwa zaidi, anatoboa embe likiwa bado mtini na kutaga ndani, ukilikata unakuta mabuu. Yule ni mgeni kutoka Asia, kwetu Afrika alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2003, upande wa Kenya, na kesi yake ni ya bwana shamba. Huyu wa kopo ana milimita mbili au tatu tu, macho mekundu, na anachofuata ni chachu kwenye tunda ambalo lilikwisha kuharibika lenyewe. Wataalamu wanamwita drosofila. Kosa lake pekee ni kuogelea kwenye togwa la mtu.

Nilipokuwa nasoma nje, kazi yangu kwa miaka kadhaa ilikuwa kuwalea hawa. Unawaweka kwenye vichupa vya kioo, unaziba kwa pamba, na chini unawawekea chakula: unga wa mahindi, sukari, hamira, vikipikwa pamoja vikaganda. Nilipomweleza bibi yangu, kule Kanyenye, alinyamaza kidogo akasema, "Yaani mjukuu wangu umepanda ndege kwenda kuwapikia nzi uji." Sikuwa na la kujibu. Ni uji kweli.

Lakini uji huo una historia. Mwaka 1910, Thomas Hunt Morgan, kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alimpata dume mmoja mwenye macho meupe katikati ya wenzake wenye macho mekundu, na kwa kumfuatilia yeye na wajukuu zake akaonyesha kwamba jeni zimekaa kwenye kromosomu. Tangu hapo nzi hajapumzika. Kwenye joto la nyuzi 25 anatoka yai hadi nzi kamili kwa siku kama kumi. Ukitaka kujua kitu kinarithiwaje kwa vizazi vitatu, kwa ng'ombe utazeeka, kwa nzi unamaliza ndani ya muhula mmoja.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Nzi huyu ana jeni zipatazo 14,000. Anaanza kama seli moja, inagawanyika, na kila seli inapata nakala ya jeni zote. Seli ya jicho ina jeni za mguu. Seli ya mguu ina jeni za bawa. Hapa Tabora jambo hili halipaswi kumshangaza mtu, kwa sababu mzinga umekwisha kutuonyesha: malkia na nyuki vibarua wanatoka kwenye mayai ya aina ileile, chakula ndicho kinachowatenganisha. Kuwa na jeni ni jambo moja. Jeni hiyo kusikika, yaani kusomwa na seli ikafanya kazi, ni jambo jingine.

Wengi tulifundishwa kuuliza: jeni hii inafanya nini ikiwashwa? Mimi leo nataka mniulize swali la upande wa pili. Zile zisizotakiwa kusikika, nani anazifanya zikae kimya? Tunadhani ukimya unajitunza wenyewe, kama chumba kisicho na mtu. Si kweli. Kwenye mwili wa nzi ukimya ni kazi, ina wafanyakazi wake wa kudumu, na wakiacha kazi siku chache tu, mwili unaharibika.

Mtazameni nzi mgongoni. Kifua chake ni pingili tatu, kama pingili za muwa. Kila pingili ina jozi ya miguu. Pingili ya pili ndiyo yenye mabawa. Ya tatu, badala ya mabawa, ina virungu viwili vidogo vya kumsaidia asiyumbe akiruka. Kuna jeni inaitwa Ultrabithoraksi. Hiyo ndiyo inayoiambia pingili ya tatu: hapa bawa lisiote, ota kirungu. Edward Lewis, kule California, aliwafuatilia nzi wa namna hii kwa miongo mitatu hivi, mwaka 1978 akachapisha makala yake kubwa. Alipounganisha mabadiliko kadhaa yaliyoizima jeni hiyo kwenye pingili ya tatu, alipata nzi mwenye mabawa manne. Picha yake ikizoeleka machoni, unasahau kuwa hakuongezewa kitu chochote. Amepunguziwa.

Geuzeni jambo hilo sasa. Ultrabithoraksi ikisikika kwenye pingili ya pili, mahali inapotakiwa kunyamaza, bawa nalo linageuka kirungu. Nzi hana mabawa tena. Kwa hiyo jeni moja, isiposikika panapotakiwa ni ulemavu, ikisikika pasipotakiwa ni ulemavu.

Walinzi wa ukimya huo walijulikana kupitia miguu. Dume la drosofila, kwenye miguu miwili ya mbele tu, lina safu ya nywele nene nyeusi, kama meno kumi hivi yaliyopangwa kwa mstari. Kinaitwa kitana, na dume hukitumia wakati wa kumpanda jike. Mwaka 1947 Pamela Lewis, mke wa Edward, alieleza badiliko la jeni ambalo madume yake yalikuwa na vitana hata kwenye miguu ya kati na ya nyuma. Jeni hiyo ikapewa jina Polikomu, maana yake vitana vingi.

Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilimwona nzi huyo nikadhani nimekosea. Nilikuwa nimeinamia hadubini, brashi nyembamba mkononi, nzi wamelazwa usingizi kwa hewa ya kaboni. Nikauona mguu wenye kitana. Sawa, wa mbele. Nikamgeuza kwa ncha ya brashi. Mguu wa pili, meno matatu meusi, yamesimama peke yake. Nikajilaumu kwamba nimemgeuza vibaya, nikaanza kuhesabu upya kutoka kichwani: mmoja, wawili, watatu. Meno matatu yalikuwa palepale, mguu wa kati. Wa nyuma una mawili. Sikulia, lakini nilikwenda kunywa maji.

Huyo ana nakala moja mbovu na moja nzima, kwa hiyo anaishi. Ukirithi mbovu zote mbili, huanguliwi. Na ukimtazama yule kiinitete aliyekufa, unaona pingili zake karibu zote, kuanzia kifuani kwenda nyuma, zinajaribu kufanana na pingili ya nane ya tumbo. Kila pingili imesikia amri zote kwa wakati mmoja, na amri ya mwisho mkiani ndiyo iliyoshinda.

Basi kuna fumbo, na fumbo hili ndilo lililowaweka watu maabara miaka mingi. Nani anaamua pingili ipi iwe ipi? Hao wanajulikana. Ni protini za mwanzo kabisa, zinazogawana yai kutoka kichwani hadi mkiani katika saa tatu za kwanza, wakati viini vya seli kama elfu sita vinaelea ndani ya yai ambalo bado halijagawanywa kwa kuta. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walizitafuta jeni zao, na mwaka 1995 walipewa tuzo ya Nobel pamoja na Lewis. Lakini protini hizo hazikai. Baada ya saa chache zimekwisha. Bawa linakuja kujengwa siku kadhaa baadaye, seli zake zimekwisha kugawanyika mara kama kumi, na bado kila seli inajua kwamba yenyewe ni ya pingili ya pili. Imejuaje, na waliopanga walikwisha kuondoka?

Nitawapa mfano wa huku kwetu. Barabara inapanuliwa. Wanakuja wapima, wanashindilia bikoni zao za zege, wanapanda gari, hao. Wanafuata wengine na rangi nyekundu. Nyumba iliyo ndani ya eneo la barabara inapigwa X. Nani hapa hajawahi kuiona ile X? Tangu siku hiyo hakuna fundi anayekubali kukuongezea chumba, benki haikukopeshi. X yenyewe ni rangi tu, haina nguvu ya kumzuia mtu. Wanaozuia ni wale wanaoisoma.

Ndani ya seli, DNA imezungushwa kwenye vigololi vya protini. Kila kigololi kimeundwa kwa histoni nane, na DNA inakizunguka kwa urefu wa herufi 147. Histoni zina mikia inayochomoza nje. Kwenye mkia wa ile inayoitwa H3, ukihesabu kutoka ncha matofali yanayoijenga protini, yaani asidi amino, tofali la 27 ni lile linaloitwa laisini. Hapo ndipo X inapopigwa: vikundi vitatu vidogo vya methili. Mwaka 2002 maabara nne zilichapisha karibu kwa pamoja kwamba mpiga rangi ni kundi la protini nne linaloitwa PRC2. Mwenye brashi ndani yake ni kimeng'enya kinachoitwa kwa kifupi E(z).

Anayesoma X ni kundi lingine, PRC1, nalo lina protini nne, na Polikomu ya vitana vyetu ni mojawapo. Polikomu ina mfuko mdogo unaoishika ile laisini yenye methili tatu. Kundi hilo likishika, vigololi vinasogezwa vikabanana, na mashine ya kusoma jeni inakosa pa kuingilia.

Halafu bikoni. Hizi ni vipande vya DNA, herufi mia kadhaa kila kimoja, karibu na jeni zinazolindwa. Protini iitwayo Pho inaweza kuzisoma herufi hizo, ikasimama juu yake na kuwakaribisha wenzake. PRC1 na PRC2 kwa sehemu kubwa hazijui kusoma herufi. Zinafika kwa kuelekezwa.

Hapa binti mmoja wa safu ya tatu alinyoosha mkono, akasema, "Madamu, samahani. Umesema kila seli ina DNA ileile. Basi bikoni ziko kwenye kila seli. Mbona X haipigwi kila mahali? Hiyo Ultrabithoraksi kwenye pingili ya tatu inaponaje?"

Ukumbi ukacheka, nami nikamwambia asimame tena, arudie, wote wasikie. Swali hilo liliwasumbua watu wenye shahada nyingi kuliko mimi. Jibu, mwanangu, ni kwamba PRC1 na PRC2 haziamui. Zenyewe ziko tayari kupiga X kwenye kila jeni yenye bikoni, mahali popote. Kinachoiponya jeni ni kukutwa tayari inasomwa. Wale wapima wa mwanzo, kabla hawajaondoka, waliiwasha Ultrabithoraksi kwenye pingili ya tatu na kuizuia kwenye ya pili. Jeni iliyowashwa ina watetezi wake, kundi linaloitwa Trithoraksi, na washirika wao hubandika kitu kingine, asetili, kwenye laisini ileile ya 27. Ukuta ni mmoja. Ukibandikwa kibali cha ujenzi, hakuna nafasi ya X. Kwa hiyo seli inatunza jibu lililotolewa na wengine, liwe ndiyo au hapana. Ndiyo maana wengi wetu tunayaita makundi haya kumbukumbu ya seli. Mimi nina wasiwasi kidogo na neno hilo, linafanya kazi hii ionekane ya utulivu, kama picha ukutani.

Kumbe haitulii. Seli ikitaka kugawanyika, DNA inanakiliwa, na vigololi vya zamani vinagawanywa kwa nakala zote mbili. Pengo linajazwa na vigololi vipya ambavyo havina X. Kwa mgawanyiko mmoja, rangi imepungua nusu. Ikigawanyika tena, robo. PRC2 inashughulika na hilo: sehemu yake moja, iitwayo Esc, inaitambua X ya zamani, na ikiitambua, brashi inachangamka na kumpaka jirani mpya. X inazaa X.

Miaka mingi tulibishana kama hiyo inatosha. Wengine walisema X ikishapigwa, itajinakili yenyewe, bikoni hazihitajiki tena. Mwaka 2017 makundi mawili, moja Ujerumani na jingine Columbia palepale alipokuwa Morgan, yalifanya jaribio ambalo napenda kulisimulia kwa sababu ni rahisi kama kung'oa kigingi. Waliandaa nzi ambao bikoni yao inaweza kukatwa na kutolewa kwenye DNA wakati bawa linakua. X zilikuwepo tayari, nyingi tu. Wakaing'oa bikoni, wakangoja. Seli zikagawanyika, X zikafifia, zikagawanyika tena, zikafifia zaidi. Baada ya migawanyiko michache jeni iliyokuwa kimya ikaanza kusikika. X inazaa X, ndiyo, lakini bila bikoni uzazi wenyewe haukidhi.

Jaribio jingine ninaloliheshimu ni la mwaka 2013, la Jürg Müller na wenzake, Ujerumani. Mpaka hapo mtu angeweza kuuliza: mna uhakika gani kwamba X ndiyo kazi yenyewe ya E(z)? Huenda E(z) ina shughuli nyingine, na X ni uchafu wa brashi tu. Wao hawakumgusa mpiga rangi. Walibadilisha ukuta. Nzi ana jeni za histoni kama nakala mia, zimekaa pamoja, wakaziondoa na kuweka zenye tofali tofauti badala ya laisini ya 27, tofali lisiloshika rangi. Seli hizo zikashindwa kunyamazisha jeni zilezile, kwa namna ileile kama zilizokosa E(z). Hapo ubishi ukaisha.

Lakini msije mkadhani kila alama ina maana tuliyoipa. PRC1 nayo ina brashi yake, inabandika protini ndogo ya ubikwitini kwenye histoni H2A. Vitabu viliandika kwamba hiyo ni sehemu ya lazima ya kunyamazisha. Mwaka 2015 ikaonyeshwa kwamba nzi wasioweza kubandika hiyo alama wanakufa, ndiyo, ila jeni za pingili zao bado ziko kimya. Wanakufa kwa sababu nyingine. Walimu wenzangu, notsi zenu za zamani zirekebisheni hapo. Mimi zangu nilizikata kwa kalamu nyekundu, na mkono ulikuwa mzito.

Mzee mmoja wa mbele ananitazama kwa macho ya "sasa haya yote ya nini, binti yangu". Baba, sisi tuna makundi hayahaya. E(z) ya nzi, kwetu ina ndugu anaitwa EZH2. Katika baadhi ya saratani za tezi za limfu, EZH2 imebadilika, inapiga X kupita kiasi, na jeni ambazo zingeituliza seli zinanyamazishwa. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya kuifunga mikono, tazemetostati. Na kuna uvimbe mbaya wa shina la ubongo unaowapata watoto, ambao mwaka 2012 ulikutwa na badiliko kwenye histoni H3, tofali namba 27. Namba ileile ya bawa la nzi. Siku niliyosoma hilo nilimkumbuka bibi na uji wake, nikatamani angekuwepo nimsomee.

Muda umeniishia, mwalimu mkuu ananionyesha saa. Hadubini iko ile meza ya dirishani, nimekwisha kuwalaza nzi wachache kwenye barafu, wataamka baada ya dakika chache mkichelewa. Njooni wawili wawili. Dume ni yule mdogo, ncha ya tumbo nyeusi na ya mviringo. Mgeuzeni ubavu kwa brashi, taratibu, msimbonyeze. Hesabuni miguu kuanzia kichwani. Kitana mtakiona kwenye wa kwanza. Kisha nendeni wa pili na wa tatu, mkae hapo kidogo, mtazame mahali pasipo na kitu.